Jalada Tupu la Sikitu

Palikuwa na nchi, na kwa bahati njema bado ipo, iitwayo Tengamano. Ukiitafuta kwenye ramani hutaiona, lakini ukiwahi kuishi humo hutahitaji ramani. Ni nchi yenye amani nyingi mno, kiasi kwamba serikali imelazimika kuajiri watu elfu arobaini na kuwapa virungu ili waichunge isimwagike. Raia wake wote ni wema, isipokuwa wa Bondeni. Na hao wa Bondeni si kwamba ni wabaya, hasha, ni kwamba uchunguzi bado unaendelea. Umeendelea kwa miaka thelathini na mmoja.

Bondeni ni mtaa ulio chini ya mji mkuu, mahali ambapo maji ya mvua huteremkia yakiwa yamebeba kila kitu ambacho watu wa Juu hawakitaki tena. Wakazi wake huamka alfajiri, hupanda kilima, huwafulia watu wa Juu, huwapikia, huwajengea kuta za kuwazuia wao wenyewe wasiingie, kisha jioni huteremka. Wataalamu wa Wizara ya Utulivu walifanya utafiti wa kina wakagundua kwamba, kati ya wahalifu wote wanaokamatwa Bondeni, takribani wote wanatoka Bondeni. Matokeo hayo yaliwashtua sana, wakakosa usingizi.

Hapo ndipo ilipotungwa Sheria ya Jalada. Kijana yeyote wa Bondeni akitimiza miaka kumi na tano hupelekwa kituoni amevaa nguo safi, hupigwa picha ya uso na ya ubavu, huchovya vidole kwenye wino, na hufunguliwa jalada. Huandikwa jina, urefu, na jina la mama. Kwenye mstari wa kosa huandikwa: "Litajazwa baadaye." Wazazi wengine, wasiotaka kuonekana wana kinyongo, huja na keki. Mwandishi mmoja wa habari alimuuliza msemaji wa Wizara kama si uonevu kumfungulia mtu jalada kabla hajatenda lolote. Msemaji akamjibu kwa upole kwamba hata mtoto hununuliwa daftari kabla hajajua kuandika. Mwandishi yule sasa ana jalada lake, ingawa hakai Bondeni. Alipewa kwa heshima.

Kulijaza nako hakukuwa kazi. Vijana watatu wakisimama pamoja ni genge. Wawili ni kikao cha maandalizi. Mmoja anasubiri wenzake. Anayekimbia anatoroka, anayetembea polepole anapeleleza, na anayekaa kwenye kizingiti cha kwao hushtakiwa kwa uzururaji wa kukaa. Kwa utaratibu huo majalada ya Bondeni yalikuwa yakijaa kwa wastani wa miezi saba, na Wizara ilijivunia kasi hiyo kwenye mikutano ya kimataifa.

Basi mtaani humo alikuwepo msichana wa miaka kumi na tisa, jina lake Sikitu binti Mabruki, ambaye kwa miaka minne mizima jalada lake halikuwa na kitu.

Haikuwa bahati. Mama yake, Bi Mwanamkasi, mfuaji wa nguo za watu wa Juu, alimlea kwa vipimo. Alimfundisha mwendo usio wa haraka wala wa polepole, akiuhesabia yeye mwenyewe kwa makofi uani. Alimkataza kusimama, kukaa, kuchungulia, kucheka barabarani, na kuvaa kofia hata jua likipasua mawe. Marafiki alipewa ruhusa ya kuwa nao, ila mmoja mmoja, na wakiwa kwenye mwendo. Sikitu aliyashika yote hayo kwa sababu alikuwa na jambo lake. Tangu akiwa na miaka kumi na minne alikuwa akijifunza ufundi umeme kwa Fundi Machano, mzee mwenye mikono mizito na jicho jepesi, ambaye jalada lake mwenyewe liliandikwa: "Kutazama ukuta wa mtu kwa muda mrefu." Siku hiyo alikuwa akipima mahali pa kupitisha waya.

Msichana aliupenda umeme kuliko chakula. Aliupenda kwa sababu haujui mtu anakotoka. Ukiufunga sawasawa unawaka, ukiufunga vibaya unakurusha, na hauulizi mtaa. Sasa alikuwa amebakiza hatua moja tu: Jaribio la Ufundi, linalofanyika mara moja kwa mwaka kwenye chuo kilichoko Juu, Alhamisi saa mbili asubuhi. Aliyefaulu hupata leseni na kufanya kazi kwa jina lake. Asiye na leseni hubaki maisha yake yote akiokota vibarua vya taa na soketi. Waliotimiza miaka ishirini hawapokelewi, na Sikitu alikuwa akitimiza ishirini mwezi uliofuata. Kwa hiyo ilikuwa ni Alhamisi hiyo, au basi.

Chuo kilitaka barua moja tu kutoka polisi, Barua ya Mwenendo. Jumatatu asubuhi, kwa mwendo ule usio wa haraka wala wa polepole, Sikitu akaenda kituoni mwenyewe, akiwa na mkoba wake wa vifaa begani. Alidhani, masikini, kwamba mtu asiye na kosa ndiye anayepewa barua kwa urahisi.

Ukutani nyuma ya kaunta palikuwa na kibao kilichoandikwa kwa herufi kubwa: LISEMWALO LIPO, NA KAMA HALIPO LAJA. Chini yake alikaa Koplo Nyangalio akichokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Watokea wapi?"

"Bondeni."

"Umekuja kujisalimisha?"

"Hapana, afande. Nimekuja kuomba Barua ya Mwenendo."

Koplo alicheka mpaka akalazimika kushika meza. Kisha, kwa kuwa sheria ni sheria, akaenda kabatini akalileta jalada, akalifungua. Aliigeuza karatasi iliyokuwemo nyuma na mbele, akalishika jalada juu chini na kulikung'uta, labda kosa limenasa kwenye kona. Hakukuanguka kitu.

"Afande!" aliita kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka bafuni. "Afande, njoo uone!"

Mkuu wa Kituo, Afande Makofia, alitoka ofisini akifunga vifungo. Alikuwa mtu mnene, mwenye adabu, anayependa kuzungumza kama yuko redioni. Alisoma jalada lile kwa muda mrefu kuliko urefu wa maandishi yaliyokuwemo.

"Binti," alisema hatimaye, "miaka minne. Umekuwa ukifanya nini muda wote huo?"

"Kazi, afande."

"Hata tusi moja?"

"Hapana."

"Hujawahi kusimama?"

"Nilisimama kwenye foleni ya maji."

"Foleni ya watu wangapi?"

"Kama thelathini."

Afande alimgeukia Koplo kwa matumaini. Koplo akatikisa kichwa kwa masikitiko. Foleni ile ilikwisha kugawiwa kwa majalada mengine tangu mwaka juzi, isingewezekana kuitumia mara mbili.

"Unaelewa hali uliyotuweka?" Afande alisema. "Ijumaa anakuja Mheshimiwa Waziri kwa sherehe ya kujaza majalada. Bondeni kuna majalada elfu nne mia mbili na kumi na mawili. Yote yamejaa. Lako wewe ni tupu. Waziri akiliona atasema nini? Atasema polisi tumelala!"

"Lakini afande, si ndivyo mnavyotaka? Watu wasiwe na makosa?"

Afande alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto anayeuliza mwezi unauzwa wapi. Akaketi, akaweka viganja juu ya meza, akaanza kufikiri kwa sauti. "Wahalifu wote ninaowafahamu nimewakamata. Si kweli, Koplo?"

"Kweli tupu, afande."

"Sasa yule ambaye miaka minne sijamkamata hata kwa tusi, ni mhalifu wa namna gani?"

Koplo alikunja uso, akakunjua. "Hodari, afande."

Basi hapo hapo, saa tatu na robo asubuhi, Sikitu akapandishwa daraja. Akaandikwa kwenye kitabu kuwa Mhalifu Hodari Asiyegundulika, wa kwanza katika historia ya Tengamano. Mkoba wake ukafunguliwa, vikahesabiwa humo tester moja, koleo moja, bisibisi tatu na mita tisa za waya.

"Vya nini hivi?"

"Mimi ni fundi umeme."

"Kila mmoja ana jina analoiita kazi yake," alisema Afande bila hasira.

Hata hivyo hakumfungia mlango. Alimweleza kwamba Barua ya Mwenendo kwa mtu hodari haiwezekani, ila ipo barua nyingine, nzuri kabisa, iitwayo Barua ya Mwenendo Uliorekebishwa. Hiyo hupewa kijana aliyekiri kosa dogo na kusamehewa siku hiyo hiyo. Aliyekiri anajulikana, na anayejulikana haogopwi. "Kafikirie," alimwambia. "Mlango wetu uko wazi."

Sikitu akatoka, kwa mara ya kwanza katika maisha yake akitembea haraka. Koplo akaliandika hilo, kisha akalifuta, kwa sababu kosa la mwendo lilikuwa dogo mno kwa mtu wa daraja lile.

Jumanne aliamka akakuta askari kanzu wawili mlangoni. Walikuwa wamevaa miwani ya jua inayofanana na kushika magazeti ya mwaka jana. Alipokwenda Juu kufunga taa kwenye nyumba moja, walikwenda. Aliposhika njia ya mkato, waliulizana njia, kisha wakamuuliza yeye. Mmoja wao alimshikia ngazi, maana ilikuwa ikiyumba, na mwenzake akammulikia. Tuseme ukweli, walikuwa vijana wenye heshima. Lakini mama mwenye nyumba alichungulia dirishani, akaona miwani ile miwili chini ya ngazi, akafungua mlango robo tu.

"Binti, shuka."

"Bado soketi mbili, mama."

"Shuka tu, mwanangu. Wakikufuata hivyo, kuna jambo."

"Hakuna jambo! Waulize wenyewe!"

Yule mama akawauliza. Mmoja akajibu kwa dhati kwamba hawajui, wao wametumwa tu, lakini lazima ni kubwa, kwa sababu hawajawahi kutumwa wawili. Mlango ukafungwa. Nyumba ya pili haukufunguliwa kabisa, na ya tatu walimtuma mbwa. Hasira ilimpanda Sikitu mpaka masikio yakawa moto, na hasira yenyewe hakuwa na pa kuiweka, kwa kuwa kuonyesha hasira Bondeni ni kosa namba sita.

Alirudi nyumbani alasiri. Bi Mwanamkasi alikuwa uani, mikono imo kwenye povu mpaka viwiko. Fundi Machano alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Habari ilikwisha kumtangulia.

"Mwanangu," alisema mama bila kuinua macho, "kiri."

"Nikiri nini?"

"Kitu kidogo. Kuku."

"Mimi sijaiba kuku, mama."

"Najua. Ungekuwa umeiba nisingekwambia ukiri."

Fundi Machano alikohoa. "Kuku ni mzuri," alisema. "Hana uchungu kama mbuzi. Mimi walinishauri ukuta nikakubali, leo miaka ishirini nafanya kazi zangu. Bahati yangu mbaya, nilichelewa, leseni ikanipita. Wewe una siku moja na nusu."

"Mama!" Sikitu alimgeukia mama yake. "Wewe ndiye uliyenifunza kutembea! Umenipigia makofi uani hapa miaka minne, polepole Sikitu, haraka kidogo Sikitu. Sijacheza. Sijacheka. Sina hata rafiki mmoja wa kukaa naye, kwa sababu ya hilo jalada. Leo unaniambia nikalijaze kwa mkono wangu?"

Bi Mwanamkasi alitoa mikono majini, akajifuta kwa khanga, na akafuta macho kwa khanga ile ile yenye sabuni, kwa hiyo hakuna aliyejua kipi kilimliza. "Nilidhani ukiwa msafi watakuacha," alisema. "Nilikosea, mama yangu. Nusu shari kuliko shari kamili. Kapate hiyo barua ufanye mtihani wako. Ukishakuwa na leseni, watakuita fundi, wasikuite kingine."

Hilo la mwisho ndilo lililomshinda Sikitu.

Jumatano saa mbili alikuwa kaunta. Afande Makofia mwenyewe alimvutia kiti, na Koplo akanoa kalamu.

"Niliiba kuku," alisema Sikitu.

"Hongera. Wa rangi gani?"

"Sijui."

"Ulimwiba bila kumwangalia?"

"Mwekundu."

"Jogoo au tetea?"

"Tetea."

"Wa nani?"

Hapo wakakwama, maana wizi hautimii bila mlalamikaji. Akaitwa jirani, Bi Kidawa, mjane mwenye magoti mabaya, akaletwa kwa gari la doria. Akasomewa malalamiko yake. Alishangaa, akasema yeye hajafuga kuku tangu afiwe na mume, na Sikitu ndiye anayemwekea glopu kila zikiungua. Afande alipiga meza kwa furaha. "Umesikia, Koplo? Ameiba kwa ustadi kiasi kwamba mwenye mali hakumbuki kama alikuwa nayo!" Bi Kidawa akawekewa kidole gumba kwenye wino kabla hajapata la kujibu, akarudishwa kwake kwa gari lile lile.

Kilichobaki ni kielelezo. Koplo Nyangalio alitoka, akakaa nusu saa, akarudi na tetea mwekundu aliyefungwa kamba mguuni, wala hakueleza alimpata wapi. Kuku akapewa namba na kuwekwa juu ya kaunta. Kabla wino haujakauka alitaga yai. Koplo aliliangalia yai lile kwa makini, akawaza kuwa limezaliwa kituoni, tena eneo la Bondeni, akalifungulia jalada.

Wakati Sikitu akisubiri muhuri, aliingia mwanamke mmoja anahema, kikapu kimemning'inia. "Nimeibiwa! Sasa hivi sokoni, tetea wangu mwekundu, nimegeuka tu kutoa chenji..." Akamwona kuku. "Huyo! Huyo hapo!"

"Tulia, mama," alisema Koplo bila hata kupepesa jicho. "Polisi tumeshafanya kazi. Mwizi amekamatwa na amekiri. Huyo hapo amekaa."

Mwanamke alimgeukia Sikitu. Hakumpiga. Alimwangalia kuanzia nywele mpaka viatu, akasema taratibu: "Msichana mzima, na mikono yako miwili. Huoni hata haya?" Akaomba kuku wake, akaambiwa kielelezo hakitoki mpaka kesi iishe, na kesi za Bondeni haziishi. Akaenda zake na kikapu kitupu. Sikitu alitamani kumkimbilia amwambie, lakini angemwambia nini? Barua ilikuwa mkononi mwa Afande, ikipepewa ikauke.

Alhamisi alifika chuoni saa moja kasoro, nguo imepigwa pasi, vifaa vimepanguswa. Msimamizi wa mitihani, Mhandisi Lugome, alikuwa mtu mwembamba wa tai na kalamu nne mfukoni. Aliipokea barua akaisoma kwa sauti, kwa kuwa hakuona sababu ya kuisoma kimya. "Sikitu binti Mabruki, mwizi wa kuku, sasa amerekebika." Watahiniwa waliokuwa kwenye mstari wakajisogeza, wengine wakashika mifuko yao.

"Binti, fundi umeme huingia mpaka vyumbani mwa watu," alisema Mhandisi. "Tutamruhusuje mwizi?"

"Mheshimiwa, sikuiba. Nilikiri ili nipate barua."

"Kwa hiyo uliwadanganya polisi."

"Nisingekiri nisingepata barua. Bila barua msingenipokea."

"Hilo ni kweli, bila barua hatumpokei mtu."

"Na nikiwa nayo?"

"Nayo inasema u mwizi."

Sikitu alivuta pumzi. "Nipe ubao na waya, mheshimiwa. Dakika kumi tu. Ukiona kosa moja, nifukuze."

Mhandisi Lugome aliangalia saa yake, akasema kwa masikitiko ya kweli kwamba chuo hakipimi ufundi wa mtu kabla ya kupima tabia yake, huo ndio utaratibu, na utaratibu haukutungwa na yeye. Akafunga geti. Sikitu akabaki amesimama nje, akiona ndani kupitia dirisha. Kwenye ubao wa kwanza kijana mmoja wa Juu alikuwa akifunga swichi kwenye nyutro, waya wa kurudisha umeme, badala ya waya wa moto, kosa ambalo Fundi Machano angekuchapa kibao kwa ajili yake, kwa sababu taa inazimika lakini umeme unabaki pale pale ukimsubiri mtu. Mhandisi alipita, akabonyeza, taa ikawaka, akabonyeza tena, ikazimika. Akaweka alama ya vema. Sikitu aliligonga dirisha kwa ngumi zote mbili, akapiga kelele, "Atakuja kumuua mtu huyo!" Mlinzi akamwondoa.

Alilia njia nzima, kwa hasira, kwa sauti, katikati ya barabara, bila kujali namba ya kosa. Na miguu yake haikumpeleka nyumbani. Ilimpeleka kituoni.

"Nimekuja kufuta," alisema kaunta. "Sikuiba. Kuku huyo kamchukua Koplo sokoni, na wote mnajua. Andikeni kwamba sikuiba!"

Afande Makofia alitoka, akamsikiliza mpaka mwisho, na jinsi alivyokuwa akisikiliza ndivyo uso ulivyokuwa ukimchanua. Akachukua kitabu cha sheria, akalamba kidole, akafunua. "Kifungu cha tisini na nne. Mtu yeyote atakayemdanganya ofisa wa amani kwa kukiri kosa ambalo hakulitenda." Alishusha kitabu. Sauti ya redio ilimtoka, akabaki na sauti yake mwenyewe, iliyotetemeka kidogo. "Koplo. Hili amelitenda kweli."

"Kweli kabisa, afande?"

"Kweli kabisa. Kwa kinywa chake, mbele yetu." Akazunguka kaunta akamshika Sikitu mkono kwa mikono miwili. Katika miaka thelathini na mmoja, kati ya makosa yote yaliyowahi kuandikwa Bondeni, lilikuwa kosa la kwanza lililowahi kutokea. Akamfungia mahabusu kwa furaha, akamwachia mkoba wake wa vifaa kama heshima.

Ijumaa mji wote wa Juu ulikusanyika uwanjani, kilele cha kilima, jukwaa limepambwa kwa vitambaa. Vipaza sauti sita vilikuwa vimefungwa kuelekea bondeni, kwa sababu Waziri wa Utulivu alitaka wahusika wamsikie bila kulazimika kuwaalika. Saa nne kamili Waziri alipanda, akagonga maikrofoni, haikutoka hata pumzi. Waliitwa mafundi watatu wenye leseni. Wa kwanza aliangalia mashine, wa pili alimwangalia wa kwanza, wa tatu akasema tatizo ni hali ya hewa. Jasho lilimtiririka Afande Makofia mpaka kwenye medali. Akamnong'oneza Koplo, Koplo akakimbia kituoni, akarudi amemshika Sikitu mshipi.

Alimaliza kwa dakika sita. Nyutro ilikuwa imelegea kwenye swichi kuu, na waya mmoja ulikuwa umeungwa kwa gundi ya karatasi. Akaufungua, akaukaza, akaupima, akaufunika vizuri. Kwa kuwa jenereta lilikuwa likipanda na kushuka, akaambiwa asimame nyuma ya jukwaa, mkono kwenye swichi, mpaka hotuba iishe.

"Ndugu wananchi!" Sauti ya Waziri ilitoka pana na safi. "Miaka thelathini na mmoja iliyopita tulisema, na tukachekwa, kwamba Bondeni hakuna kijana asiye na kosa. Leo nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa. Majalada yote, nasema yote, yamejaa! Hatukumwonea mtu. Tulisubiri, tukawapa nafasi, na wao wenyewe, mmoja baada ya mwingine, wakatuthibitishia!" Makofi. "La mwisho lilikuwa la binti mmoja aliyejifanya malaika kwa miaka minne. Sasa tunamfahamu. Sikitu binti Mabruki, mwizi wa kuku na mwongo! Nasema tena, wenzake wasikie huko chini, Sikitu binti Mabruki!"

Mstari wa mbele, Mhandisi Lugome alimwinamia Afande Makofia. "Nani kafunga vyombo hivi? Miaka mingi sijasikia sauti safi namna hii. Haivumi, haikwaruzi. Huyo ni fundi."

"Ni huyo huyo, mheshimiwa," alijibu Afande. "Mwizi wa kuku."

"Ah," alisema Mhandisi, akarudi kwenye kiti chake.

Sikitu aliwasikia wote wawili. Mkono wake ulikuwa juu ya swichi, na swichi ilikuwa nyepesi. Alikuwa ameipaka mafuta mwenyewe. Kuishusha kungechukua muda wa kupepesa jicho. Waziri angebaki akifungua na kufunga mdomo mbele ya mji mzima, na jina la Sikitu lisingeteremka kilima tena. Vidole vilikaza. Alitaka kufanya hivyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Hakushusha. Haikuwa woga, maana jalada lilikwisha kujaa na kosa la tatu lisingeongeza kitu. Ila alijua kwamba sauti ikikatika, watu wote wa Juu watasema fundi ameshindwa kazi. Wamwite mwizi, wamwite mwongo, hayo waliyaandika wao. Hilo moja asingeliruhusu liandikwe, kwa sababu lingekuwa limeandikwa kwa mkono wake.

Basi akasimama hapo, machozi yakimshuka mpaka shingoni, akiisawazisha swichi kila jenereta lilipoyumba. Na huko Bondeni, Bi Mwanamkasi aliyekuwa akianika mashuka ya watu alilisikia jina la mwanawe likishuka kutoka mbinguni mara mbili, herufi kwa herufi, bila mkwaruzo hata mmoja.